Pikipiki ya zamani iliyotelekezwa: kusoma dalili kabla ya kushika spana

Kuna pikipiki iliyochoka na kuna pikipiki iliyolala. Zikisimama pamoja bandani zote zina vumbi, tairi zisizo na upepo na mnyororo uliokamatwa na kutu, na mnunuzi mgeni atazihesabu kuwa kitu kimoja. Iliyochoka imetembea hadi vyuma vyake vimelika: ringi, valvu, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), meno ya gia. Iliyolala huenda vyuma vyake bado ni vizima, ila petroli imegandia ndani ya kabureta, mipira imekauka, unyevu umeingia kwenye silinda na viungo vya nyaya vimeota ukungu wa kijani. Zote mbili zinakataa kuwaka, na ukizitazama hukuti tofauti. Lakini ya kwanza inadai vipuri na fundi wa kuchonga vyuma, na ya pili inadai subira na usafi. Kwa hiyo kila dalili nitakayoipitia hapa nitaiuliza kwanza: hii imeletwa na kulala au na kuchoka?

Swali hilo lina pacha wake, na huyo anajibiwa na muuzaji: ilisimama kwa sababu gani? Wanunuzi wengi huuliza ilisimama lini, wakaishia hapo. Pikipiki iliyoegeshwa ikiwa nzima kwa sababu mwenyewe alisafiri au alizeeka ni mali, hata ikiwa imekaa miaka ishirini. Iliyosukumwa hadi bandani baada ya kuzima njiani ina ugonjwa iliyoingia nao, na juu yake yameongezeka mengine. Msikilize muuzaji kwa adabu, kisha nenda kayatafute maneno yake kwenye chuma.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na namba. Namba ya fremu na namba ya injini zisomwe kwa macho yako na zilinganishwe na kadi ya usajili. Tarakimu zisizokaa kwenye mstari mmoja, au alama za tupa mahali pa namba, zinatosha kukuondoa hapo. Pikipiki isiyoweza kuwa yako kisheria haina matengenezo yatakayoiokoa.

Pili, tazama kilichokosekana kuliko kilichoharibika. Injini mbovu hutengenezwa. Kifuniko cha pembeni cha modeli iliyotoka miaka miwili tu kinaweza kukutafutisha miaka mitano. Pikipiki zilizotengenezwa kwa wingi ni rehema katika hili. Honda Super Cub, iliyoanza kutengenezwa 1958, ilipita idadi ya milioni 100 mwaka 2017, na Honda CG125 iliyotoka 1976 ilinakiliwa na viwanda vingi, kwa hiyo vipuri vyake havijawa adimu. Kama huu ni mradi wako wa kwanza, chagua ya namna hiyo. Ya kipekee itakusubiri.

Tatu, vichwa vya skrubu. Skrubu zilizochubuka, nati zilizoliwa pembe na gasketi iliyopakwa gundi nyingi hadi ikafurika nje ni ushahidi kwamba mtu aliingia ndani na hakuwa na zana zifaazo. Hapo hesabu ya "imelala tu" imekufa. Na wewe usirudie kosa lake: skrubu za pikipiki za zamani za Japani zina msalaba unaofanana na ule wa bisibisi ya kawaida ya nyota, lakini pembe zake zimechongwa tofauti, ndiyo sababu bisibisi huruka na kuzichubua. Tafuta bisibisi ya kipimo cha Kijapani, na kwa skrubu zilizokaza tumia ile inayozunguka kwa kupigwa nyundo. Kwa Triumph na BSA za zamani, ambazo ni za Uingereza, andaa spana za Whitworth, kipimo cha kale cha Kiingereza. Spana ya milimita inayokaribia kuenea ndiyo inayokula nati.

Mwisho, shika injini kwa kiganja ufikapo. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, na huenda ana sababu ya kutotaka uione ikiwaka ikiwa baridi. Ondoa kipimo cha oili: oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji, na chembe zinazong'aa ndani yake ni beringi au gia zinazolika. Mulika tangi kwa tochi. Rangi usiitazame kabisa kwa sasa.

Injini haizunguki

Kiki imegoma, haishuki hata kidogo. Hapa ndipo watu huharibu pikipiki iliyokuwa nzima. Wanapanda juu yake kwa uzito wote, na jino la gia ya kiki linakatika, au ringi iliyoshikwa na kutu inavunjika vipande ndani ya mfereji wake. Nimewahi kufungua silinda ambayo ingelainika kwa wiki moja ya oili, nikakuta vipande vitatu vya ringi vimechora ukuta mzima.

Kwanza hakikisha kinachokwama ni injini. Weka gia huru uzungushe gurudumu la nyuma: breki iliyogandia kwenye ngoma yake au mnyororo uliokuwa fimbo vinaweza kukudanganya ukijaribu kuizungusha injini kwa gurudumu. Kisha fungua kifuniko cha magneto, yaani kizalisha umeme cha injini, ujaribu nati ya krenki kwa spana, taratibu, ukisukuma mbele na nyuma kwa mkono mmoja tu. Ikisogea hata nusu nyuzi, krenki iko hai na kilichokwama ni kiki yenyewe au kitu kilicho juu.

Kama haisogei, ondoa plagi ya cheche na umulike ndani ya tundu. Kutu ya rangi ya chungwa ukutani ni kazi ya kulala: valvu ilibaki wazi au plagi iliondolewa, na hewa yenye unyevu ikaingia. Kukwama kwa namna hiyo hupona mara nyingi. Lakini kama muuzaji alisema ilizima ghafla ikiwa mwendoni na gurudumu likaburuzwa, hiyo ni pistoni iliyopata joto kupita kiasi, alumini yake ikajipaka kwenye ukuta wa silinda. Huko ni kuchoka, au ni kukosa oili. Kulowesha kunaweza kuiachia, lakini silinda lazima ifunguliwe.

Kwa iliyoshikwa na kutu, mimina ndani ya tundu la plagi oili nyepesi ya kupenya hadi pistoni izame. Wengi huchanganya asetoni na oili ya gia za otomatiki nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri na unashika moto upesi, kwa hiyo uufanyie kazi nje na mbali na cheche. Acha siku tatu, ongeza, acha tena. Hata wiki mbili si nyingi. Kila siku sukuma nati ya krenki kidogo mbele na nyuma bila hasira.

Joto linasaidia, ila kwa namna ambayo watu hawaielewi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa kwa joto lilelile. Katika silinda ya chuma yenye pistoni ya alumini, ukipasha vyote kwa pamoja pistoni inazidi kubana. Kinachovunja kutu ni kupanda na kushuka kwa joto: pasha silinda kwa bunduki ya hewa moto, acha ipoe, oili inyonywe kwenye ufa uliofunguka, rudia. Moto wa gesi usiutumie, na ukishamimina asetoni hata bunduki hiyo iache.

Ikishalegea, usikimbilie kuiwasha. Kwenye injini ya mipigo minne fungua vifuniko vya valvu na uzungushe kwa mkono ukitazama kila valvu inashuka na kurudi. Valvu iliyogandia wazi itagongwa na pistoni au itapinda fimbo yake ya kusukumia. Mwaga oili ya zamani, tia mpya, na uzungushe mara nyingi bila plagi ili pampu ipandishe oili juu kabla ya moto wa kwanza. Kwa injini zenye tangi la oili la pembeni, kama Triumph na BSA nyingi, kumbuka kwamba oili huteremka polepole kupitia pampu wakati pikipiki imelala. Tangi linaonekana tupu, mtu anajaza, kumbe oili yote ilikuwa chini ya krenki. Siku ya kuwasha inafurika kwenye bomba la hewa. Fungua nati ya chini kwanza.

Hakuna cheche

Weka plagi mpya, maana ni kipuri rahisi na plagi ya zamani hudanganya. Mwanya wa 0.6 hadi 0.7 mm unafaa pikipiki nyingi. Iguse kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, piga kiki gizani. Cheche njema ni nene na ya bluu na ina mlio. Ya njano, nyembamba, inayokatikakatika itawasha kwenye hewa ya wazi na itakufa ndani ya silinda yenye mgandamizo.

Kama haipo kabisa, anza kwa kuondoa washukiwa rahisi. Chomoa waya wa swichi ya kuzimia na wa ufunguo, kwa sababu katika pikipiki nyingi zenye magneto swichi hizo huzima kwa kupeleka umeme kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki yenyewe, na swichi iliyoota kutu inaweza kubaki imezima milele. Mara nyingi kazi huishia hapo. Fungua kofia ya plagi, kata nusu sentimita ya mwisho ya waya mnene ambako shaba imegeuka nyeusi, uifunge upya.

Kisha platini, yaani vidole viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili, ile inayokuza umeme hadi uruke kwenye plagi. Hapa kulala kuna ugonjwa wake maalumu: uso wa platini unaonekana safi, lakini una utando mwembamba wa oksidi usiopitisha umeme. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholowa spiriti katikati yake, kisha kikavu, hadi kitoke cheupe. Msasa mzito huacha mikwaruzo inayoungua haraka. Rekebisha mwanya wake uwe kati ya 0.3 na 0.4 mm pale unapofunguka zaidi. Usiguse kitu kingine kabla ya hapo, kwa sababu kubadili mwanya kunabadili taimingi, yaani wakati wa cheche.

Platini zilizoungua, upande mmoja una kishimo na mwingine una kichuguu, zinakuelekeza kwenye kondensa, kile kifaa kidogo kinachozuia cheche kuruka kwenye platini. Ukiona cheche kubwa nyeupe ikiruka kwenye platini zenyewe huku plagi ikipata kidogo, kondensa imekufa. Hizi huharibika kwa umri hata bila kutumika, na iliyo mpya ya thamani ya mikrofaradi 0.2 hadi 0.3 hivi hufaa mifumo mingi ya platini. Koili ndiyo ya mwisho kulaumiwa, ingawa ndiyo watu huinunua kwanza. Ipime kwa mita: upande wa waya mwembamba unasoma ohmu chache, upande wa plagi unasoma maelfu. Kipimo kisicho na mwisho maana yake waya umekatika ndani.

Pikipiki nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya 1970 ziliunganishwa chanya kwenye bodi. Ukiweka betri kwa mazoea ya leo, hasi kwenye bodi, unaweza kuunguza rektifaya, ile inayogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, papo hapo. Tafuta mchoro wa nyaya kabla ya betri.

Cheche ipo, haiwaki

Piga kiki mara kumi na choki imefungwa, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika na tatizo ni wingi wake, wakati wa cheche, au mgandamizo. Jibu hilo dogo la kavu au mbichi linakuokolea nusu siku, na ninashangaa ni wangapi wanaoliruka.

Plagi ikiwa kavu, fuata njia ya petroli kutoka juu. Petroli iliyokaa miaka hupoteza ile sehemu nyepesi inayowaka upesi, ikabaki kioevu cha kahawia chenye harufu ya vanishi. Ikikauka ndani ya kabureta inaacha utando mgumu. Kwenye jeti, vile vipande vyenye tundu linalopima petroli, ile kubwa tundu lake ni pana na husafishika kirahisi. Mgonjwa halisi ni jeti ndogo, ile inayoendesha injini ikiwa imetulia. Tundu lake ni chini ya nusu milimita, na tone moja la vanishi linatosha kuliziba. Fungua kabureta yote. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu ukihesabu mizunguko hadi iguse, andika namba hiyo, ndipo uitoe. Loweka vyuma kwenye kiowevu cha kusafishia kabureta, lakini mipira na kiwambo laini cha kabureta zenye pistoni inayoinuliwa na ombwe uvitoe kwanza, maana vitavimba. Piga hewa kila njia hadi uisikie ikitokea upande wa pili. Kwa jeti iliyokaidi tumia uzi mmoja wa shaba laini kutoka kwenye waya wa umeme. Pini ya chuma hupanua tundu, na jeti iliyopanuka haina dawa.

Kusafisha kabureta chini ya tangi lenye kutu ni kufua nguo ukiwa umekaa matopeni. Kutu nyembamba ondoa kwa siki nyeupe: jaza hadi mdomoni, acha siku moja au mbili, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili tindikali iishe, kausha kwa hewa ya moto mara hiyohiyo, na pitisha petroli yenye oili kidogo. Ukichelewa saa moja tu katika kukausha, utaona rangi ya chungwa imerudi. Kutu ya maganda inahitaji kutikiswa na kipande cha mnyororo ndani. Wapo wanaotumia umeme wa betri na maji ya magadi ya kufulia; inafanya kazi vizuri sana, ila chuma cha kupelekea umeme kiwe chuma cha kawaida, kamwe kisiwe chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hutoa sumu ya kromiamu majini, na kazi ifanyike penye hewa maana gesi inayotoka ni haidrojeni. Tangi lililowahi kuwa na petroli lisiguswe na moto wa kulehemu hata likionekana kavu. Mvuke uliobaki kwenye kona zake umeua watu.

Plagi ikiwa imelowa, pima mgandamizo. Funga kipimo kwenye tundu la plagi, fungua mafuta yote kwenye mpini, piga kiki hadi sindano isipande tena. Injini ndogo nzima ya mipigo minne husoma karibu bari 10 hadi 12. Ikishuka chini ya 7 hivi kuwaka kunakuwa taabu. Sasa mimina kijiko cha chai cha oili ndani na upime tena. Ukipanda sana, ringi zinavujisha. Usipobadilika, ni valvu au gasketi ya kichwa. Lakini usihukumu injini iliyolala siku ya kwanza. Ringi hugandia kwenye mifereji kwa masizi makavu, na valvu hukalia chembe za kutu, na vyote hivyo mara nyingi hurudi baada ya injini kupata moto mara mbili tatu. Pima pia mwanya wa valvu injini ikiwa baridi. Injini nyingi ndogo hutaka kati ya 0.05 na 0.10 mm, na valvu isiyo na mwanya kabisa haifungi.

Kama mgandamizo ni mzuri, cheche ni nzuri, plagi imelowa, na injini inarudisha kiki kwa mguu au kupiga mlipuko kwenye kabureta, taimingi imehama. Katika pikipiki nyingi za Japani alama ya F kwenye gurudumu la magneto inapaswa kukutana na alama ya bodi pale platini zinapoanza kufunguka. Alama zikikubaliana na bado inakataa, toa gurudumu la magneto utazame kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinacholishikilia kwenye krenki. Kikikatika nusu, gurudumu linageuka kidogo na alama zote zinasema uongo.

Inawaka kwa choki tu

Ukifungua choki inakufa. Injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Kwa pikipiki iliyolala, mara nyingi jibu ni ileile jeti ndogo uliyodhani umeisafisha. Ifungue tena. Kama ni safi, tafuta hewa ya wizi: mpira kati ya kabureta na injini hupasuka kwa ndani ya mikunjo ambako huoni hadi uukunje. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika umepata ufa.

Kwa injini za mipigo miwili kuna mwizi mwingine, sili za krenki, yaani mipira inayozuia hewa na oili kupita kandokando yake. Zinakauka kwa kulala tu. Ya upande wa magneto ikivuja, mzunguko wa injini iliyotulia unapanda wenyewe na injini inachemka, na ukiiacha hivyo pistoni itaungua. Ya upande wa klachi ikivuja, oili ya gia inanyonywa na moshi mweupe mzito hautaisha. Mimi sili hizi nazibadilisha bila kuuliza kwenye kila injini ya mipigo miwili iliyosimama zaidi ya miaka kumi.

Petroli inamwagika kwenye kabureta

Sindano ya boya ina uchafu, au ncha yake imelika mfereji, au boya lenyewe limejaa. Boya la shaba litikise sikioni, kisha lizamishe kwenye maji ya moto: vipovu vinaonyesha tundu lilipo. Kabla ya kuwasha nusa oili ya injini. Katika baadhi ya pikipiki petroli iliyofurika hupita hadi kwenye silinda na kushuka kwenye oili, na kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Oili yenye harufu ya petroli imwagwe yote. Injini iliyokuwa imepona inaweza kuua beringi zake kwa dakika chache za oili ya namna hiyo.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi: choki iliyoshikwa, chujio la hewa lililooza, boya lililo juu mno. Mweupe unaotoweka baada ya dakika chache ni mvuke wa unyevu uliokaa kwenye ekzosi, usikuhangaishe. Wa bluu ni oili. Ukitoka unapofungua mafuta chini ya mzigo, ni ringi. Ukitoka kwa pumzi moja pale unapofungua tena baada ya kuteremka mlima umeachia mafuta, ni sili za valvu, ambazo ni mpira na zimekauka. Kwa hiyo moshi wa pili ni wa kulala na ni kazi nafuu. Wa kwanza, ukiendelea baada ya kilomita mia kadhaa na oili mpya, ni wa kuchoka.

Klachi haiachii

Unabana mkono, unaingiza gia, pikipiki inaruka na kuzima. Sahani za klachi zimeshikana. Funga mkono wa klachi kwa kamba usiku kucha, kesho ipashe injini moto, gurudumu la nyuma likiwa juu ya stendi, ingiza gia na ukanyage breki kidogo kidogo. Nyingi huachia hapo. Zisipoachia, fungua kifuniko utenganishe sahani kwa mkono. Usijaribu kuzipasua kwa kuruka na pikipiki barabarani.

Haichaji

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi. Injini ikiwa katika mzunguko wa kati, isome takriban 13.5 hadi 14.5, za volti 6 husoma 7 na kitu. Isipopanda, usinunue chochote kabla ya kusafisha kila kiungo na hasa mahali waya wa bodi unapofungwa kwenye fremu. Naapa kwa uzoefu: kiungo hicho kimoja, chini ya rangi na kutu, ndicho chanzo cha magonjwa mengi ya umeme ambayo watu huyatibu kwa kununua koili, rektifaya na betri mpya. Kikwaruze hadi chuma king'ae.

Breki

Hapa sina mjadala na mtu: breki za pikipiki iliyolala zifunguliwe zote kabla ya mita ya kwanza. Viatu vya breki vya zamani vingi vina asbesto, kwa hiyo vumbi la ndani ya ngoma lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa kibichi, nacho kitupwe kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko. Kiatu ambacho gundi yake imezeeka kinaweza kubanduka na kufunga gurudumu. Breki za diski zilianza kuenea baada ya Honda CB750 ya 1969. Hizo ugonjwa wao ni kiowevu kilichonyonya maji na kukwamisha pistoni. Ikiwa breki inabana na kukataa kuachia, angalia kile kitundu kidogo cha kurudishia kwenye tangi lake la juu kabla ya kulaumu pistoni. Mipira yote ya kiowevu ibadilishwe hata kama inaonekana mizuri.

Inayumba

Soma tarehe ya tairi ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, mfano 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Tarakimu tatu maana yake tairi ilitengenezwa kabla ya 2000, na hata ikiwa na vishina virefu, mpira wake ni mgumu kama mbao. Zikishabadilishwa na bado inayumba, inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu: ukikwama katikati kama uliopata kishimo, vikombe vya beringi za shingo vimechongeka. Kisha sukuma mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Mchezo wowote unaousikia ni bushi zilizolika.

Inazima baada ya dakika kumi na tano

Hii huja mwishoni, siku ambayo ulidhani umemaliza. Inaenda vizuri, inaanza kumisi, inakufa. Unangoja, inawaka tena, inaenda umbali uleule. Kuna washukiwa wawili, nao hutenganishwa ndani ya nusu dakika, ukiwa tayari. Beba mfukoni spana ya plagi na plagi ya akiba. Mara tu inapozima fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba kwa vumbi la miaka, na petroli ilikuwa imeshikwa na ombwe. Kimya? Jaribu cheche hapohapo kabla injini haijapoa. Cheche iliyokufa kwenye joto na kufufuka kwenye baridi ni koili au kondensa, na sasa ndiyo wakati wa kuinunua.